Mzee wa Vyumba

Kama uliwahi kupanga Kihonda kabla watu hawajaanza kuweka dari za jipsamu, yamkini ni yeye aliyekuingiza. Na kama ulihama Kihonda kwa sababu kodi ilikushinda, yamkini mkono wake ulikuwemo pia, ingawa hilo hakulikubali kamwe, na sisi wapangaji wake tulikuwa na adabu ya kutomuuliza. Alikuwa dalali wa vyumba. Hakuuza viwanja, hakugusa magari, na mtu aliyemletea habari za shamba alimjibu kwa upole wa daktari wa meno aliyeulizwa kuhusu goti. Jina alilopewa na wazazi wake nililisikia mara moja tu, likanitoka. Mjini aliitwa Mzee wa Vyumba, naye akaitika.

Nilimfahamu nilipofika Morogoro kutoka Njombe, mwalimu mpya wa sekondari, godoro langu limefungwa kwa kamba ya katani. Mwalimu mwenzangu alinielekeza kwenye duka la dawa za mifugo karibu na Msamvu, ambako mzee alikuwa na kiti chake cha plastiki barazani. Nilimkuta akisoma karatasi iliyofungiwa karanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Chumba, au chumba na sebule?"

Hakuuliza natoka wapi wala naitwa nani. Hayo aliyajua baadaye na kuyakumbuka miaka yote, hata jina la mama yangu na ugonjwa wake wa miguu. Lakini swali la kwanza lilikuwa hilo, na kwa kweli kwa mtu aliyebeba godoro hakuna swali jingine la maana.

Alitembea mbele, mimi nyuma. Ndivyo alivyotembea na wateja wote: mbele, mwavuli umekunjwa mkononi, bila kugeuka. Mwavuli haukuwa wa mvua. Ulikuwa wa kuonyeshea. Aliunyoosha kuelekea nyumba moja akasema, "Hapa alikaa mhasibu, akaondoka na gari." Akaunyoosha kuelekea nyingine, "Hapa alikaa nesi, akaolewa humohumo." Nyumba zote alizoonyesha zilikuwa zimewatendea watu mema. Sikuwahi kusikia nyumba ambayo mtu alikaa tu, akalipa, akachoka, akahama.

Ilinichukua muda kujifunza lugha yake. "Mtaa umetulia" maana yake usafiri haufiki. "Mtaa umechangamka" maana yake baa iko ukuta kwa ukuta. Mwenye nyumba akiitwa "mcha Mungu," ujue mgeni wako wa kiume hatavuka geti. Akiitwa "mtu wa watu," ujue anakaa uwani humohumo na atajua umepika nini kabla hujapakua. "Maji yapo" lilimaanisha kisima cha jirani. "Maji yapo sana" lilimaanisha paa linavuja. Na kila kitu, soko, kituo, shule, msikiti, kanisa, kilikuwa dakika tano. Nilipomwambia kwamba nimetembea dakika tano zake kwa nusu saa nzima, alinitazama miguuni kwa huruma.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa baridi. Joto litakuzoea."

Kitu alichokiuza kwa moyo wote ni mlima. Morogoro mlima hauna mwenyewe. Ukitoka nje unaona Uluguru, ukikataa kutoka utauona kwa kulazimishwa. Lakini yeye alikuwa akifungua dirisha la chumba kitupu polepole, kama anayefunua sufuria mbele ya wageni, kisha anasogea pembeni ili usizuiwe. Anakaa kimya. Ukigeuka, anakutajia kodi. Nimeona watu wazima, watu wa mahesabu, wakikubali bei palepale kwa sababu ya ukungu uliokaa juu ya msitu, ambao wangeuona bure wakiwa barabarani.

Yeye mwenyewe alizaliwa huko juu, upande wa Mgeta, na akiwa amekasirika lafudhi ya mlimani ilimrudia, maneno yakapanda na kushuka kama njia za huko. Lakini hakupenda kuzungumzia nyumbani. "Huko hakuna wapangaji," alisema, kama mtu anavyosema mahali fulani hakuna hospitali.

Nilisema alikuwa na lugha yake. Neno moja ambalo hakuwa nalo ni kupanda. Kodi kwake haikupanda. Ilikua. "Ile nyumba ya Mazimbu imekua," alisema, na uso wake ukawa wa babu aliyeletewa matokeo mazuri ya mtihani. Chumba changu cha kwanza nililipa elfu ishirini kwa mwezi, choo cha nje, na nililalamika. Mwaka uliofuata kikakua. Sababu ilikuwa chuo: wanafunzi wameongezeka. Mwaka mwingine sababu ilikuwa barabara ya lami, ambayo ilikuwa imefika mtaa wa tatu kutoka kwetu. Kisha sababu ikawa tailizi, ambazo mwenye nyumba alikuwa ameziweka chumbani kwake yeye, si kwetu. Mvua ikinyesha, kodi ilikua kwa kuwa kumestawi. Jua likiwaka, ilikua kwa kuwa visima vimekauka na sisi kwetu maji yapo.

Usidhani alikuwa mwongo. Mwongo anajua anachofanya. Yeye aliamini, na nitakueleza nilivyojua.

Kabla ya treni ya umeme kuanza safari za Dar, alikuwa kibarazani pake akinywa kahawa, nami nimepita kumsalimia. Mwenye nyumba mmoja wa Nane Nane, mstaafu mpole, alimuuliza hali ya soko. Mzee hakuwa na habari yoyote siku ile, na kimya kilimuuma. Akasema, "Nasikia watu wa Dar watahamia huku. Watakuwa wanaenda kazini asubuhi na kurudi jioni." Alilitunga palepale, nilimwona akilitafuta juu ya paa la duka na kulipata. Yule mstaafu akaondoka anatafakari. Kufika mwisho wa wiki, wenye nyumba wa Nane Nane walikuwa wamepandisha, wa Tungi wamewafuata, na wa Mkundi, ambako siku hizo fisi bado walikuwa na sauti kuliko watu, walikuwa wanapaka rangi. Habari ilizunguka mji wote ikarudi hadi kibarazani, ikiwa mdomoni mwa mtu mwingine. Nilikuwepo ilipofika. Mzee aliisikiliza mwanzo hadi mwisho, akaweka kikombe chini.

"Kumbe ni kweli," alisema.

Kesho yake aliongeza udalali.

Na bado siwezi kumchora kama mtu mbaya, maana mambo mengine aliyafanya ambayo hayakuwa na udalali ndani yake. Kule Mafiga kulikuwa na mama mmoja kijana, muuza vitumbua, mwenye mtoto mchanga. Alichelewa kodi, na mwenye nyumba wake akafunga mlango kwa kufuli lake, vyombo na nepi zikabaki ndani. Mtu fulani alimpigia simu Mzee wa Vyumba, kwa kuwa yeye ndiye aliyempeleka pale. Mimi nilipita nikitoka shule nikakuta watu wamesimama. Mzee alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mwenye nyumba, mwavuli magotini.

"Mzee, ondoka hapa mlangoni kwangu," mwenye nyumba alisema.

"Nimechoka kidogo. Napumzika."

"Utapumzika mpaka saa ngapi?"

"Mpaka wewe upate nafasi ya kufungua."

Hakupaza sauti. Hakutaja sheria wala serikali ya mtaa. Watu waliopita walimsalimia, na kila aliyeuliza kulikoni, mzee alimjibu kwa heshima kubwa kwamba mwenye nyumba huyu, mtu mwema anayejulikana mtaa mzima, anatafuta ufunguo wa kufuli ili mtoto mchanga apate nguo zake. Aliyarudia hayo kwa mama wa mboga, kwa vijana wa bodaboda, kwa imamu aliyekuwa anakwenda kuswalisha alasiri. Imamu naye akasimama kusubiri ufunguo. Kufuli likafunguliwa. Yule mama aliingia akabaki, akapewa muda, na mwishowe akalipa.

Nilifuatana na mzee kurudi, nikiwa najivunia kumjua. Tukiwa njiani akageuza shingo, jambo alilolifanya kwa nadra.

"Lakini chumba kile," alisema, "kwa upande ule, mwakani kinaweza kukua."

Alikuwa pia na uaminifu wa aina yake, ambao ulikuja baadaye kidogo kuliko ulivyohitajika. Ukishalipa kodi ya miezi sita, na yeye akishapokea udalali wake wa mwezi mmoja, alikushika mkono akakuambia kasoro ya nyumba. Dirisha la jikoni halifungi. Jirani ana cherehani na anashona alfajiri. Nilipomuuliza kwa nini hasemi kabla, alishangaa.

"Kabla ungeniona nakuvunja moyo. Sasa umeshaingia, nakuambia usije ukashtuka."

Hata hivyo, kulikuwa na nyumba mbili tatu ambazo hakumpeleka binti yeyote, hata alipoahidiwa udalali maradufu. Alisema zina nyoka. Tulijua nyoka hao wanavaa suruali. Hakuwahi kumtaja mtu, lakini mabinti wa chuo walisikia neno nyoka wakaelewa, na nyumba zile zilikaa tupu zikiwa na mlima mzuri dirishani.

Alinihamisha mara tatu, na ya tatu nitaifikia. Kutoka chumba kimoja hadi chumba na sebule nilipoolewa. Mume wangu ni fundi umeme, mtu wa maneno machache, na mzee alimpenda kwa kuwa hakubishana bei. Kisha kutoka pale hadi vyumba viwili tulipopata mtoto wa pili. Kila mara tulisogea mbali zaidi na mjini na kulipa zaidi, na kila mara alitupongeza. Miaka yote hiyo sikujua yeye anakaa wapi. Ukimuuliza alizungusha mwavuli hewani: "Nipo hapa hapa." Nilidhani ana nyumba yake. Wengi tulidhani hivyo. Ungewezaje kumfikiria mtu anayekabidhi funguo mchana kutwa kwamba jioni anakwenda kuhesabiwa ndoo za maji kama wewe?

Mwaka treni ilipoanza, mwenye nyumba wetu alituambia anataka kugeuza nyumba iwe ya wageni wa kulala. Alitupa hadi mwisho wa mwezi uliofuata. Nilimpigia Mzee wa Vyumba, naye akakaa kimya siku kadhaa, jambo lisilo la kawaida yake. Jumamosi moja akapiga.

"Mwalimu, nimekupatia nyumba nzima. Vyumba viwili, sebule, jiko la ndani, uwanja wa kuanikia. Njoo leo mchana."

Nilikutana naye karibu na reli ya zamani. Alitangulia kama kawaida, ila siku ile mwavuli ulining'inia tu na hakunionyesha nyumba ya mtu yeyote. Tulifika kwenye nyumba ndogo ya zamani yenye bati lililokwajuka, imepigwa chokaa safi. Kando ya ukuta kulikuwa na mchaichai umekatwa vizuri, mlimao, na mpapai wenye mapapai mawili yaliyofungwa vitambaa ili ndege wasiyale. Mlango ulikuwa wazi. Mama mmoja wa makamo, kitenge kiunoni, alitoka akifuta mikono.

"Karibu, mwalimu! Karibu sana. Nimekusikia miaka mingi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani, chai iko tayari."

Nilifikiri ni mpangaji anayeondoka, tena mwenye moyo mzuri ajabu. Alinimiminia chai ya mchaichai, akaniwekea maandazi, akaniuliza habari za watoto kwa majina yao. Nilishangaa amewajuaje. Mzee hakukaa. Alikwenda dirishani, akalifungua polepole, akasogea pembeni. Mlima ulikuwepo.

"Sebule hii," alisema, sauti ikiwa ileile ya siku zote, "inapokea seti nzima ya makochi, na meza ya chakula, na njia ya kupita inabaki."

Yule mama akacheka. "Unamwonyesha mwalimu makochi yetu?"

"Haya makochi yanaondoka," mzee alisema.

Nilirudisha andazi kwenye sahani. Mama aliweka birika chini taratibu.

"Yanakwenda wapi?"

Mzee alitazama mlima. Nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kuutazama pasipo mteja.

"Kodi imekua, mama watoto."

"Imekua lini?"

"Tangu Ramadhani."

"Na wewe ulimwambia nini mwenye nyumba?"

Hapo nilielewa, kidogo kidogo, na mengine nilielezwa baadaye na mama mwenyewe. Mwenye nyumba alikuwa Dar, hakuwa amekanyaga Morogoro kwa muda mrefu. Alimpigia mpangaji wake simu, si kwa ubaya, kama mtu anavyompigia mtaalamu, akamuuliza: mzee, wewe ndiwe unayelijua soko, nyumba yangu kwa sasa inaweza kwenda kwa kiasi gani? Na Mzee wa Vyumba, aliyekuwa amekaa kwenye sebule hiyohiyo, kwenye kochi hilohilo, alifikiri kama dalali, akazingatia reli, lami, mlimao na dirisha, akamtajia bei. Bei sahihi. Yeye mwenyewe hakuwa na uwezo wa kuilipa. Mwenye nyumba akamshukuru, akasema basi aanze kuilipa, au amtafutie mtu.

"Aliniuliza bei ya soko," mzee alisema dirishani. "Ningemdanganya?"

"Ndiyo," mkewe alijibu. "Ungemdanganya."

Kisha yule mama akanisogezea bakuli la sukari, kwa kuwa aliona sijaweka, akainuka akaingia jikoni. Alikuwa amepika chai akidhani mwalimu anakuja kusalimia. Ndivyo alivyoambiwa.

Niliaga bila kukagua vyumba. Mzee alinifuata hadi mlangoni akaniuliza, kwa adabu, kama nyumba imenipendeza. Nikamwambia nitazungumza na mume wangu. Nilikuwa nimeshaamua kwamba siichukui. Ningewezaje kuwatoa wazee wale na kutundika mapazia yangu pale? Lakini sijafika barabarani nikasikia kandambili nyuma yangu. Ni mama, anatembea haraka, kitenge mkononi.

"Mwalimu, ichukue wewe."

"Mama, siwezi."

"Sikiliza. Sisi tunaondoka ukichukua, tunaondoka usipochukua. Akija mtu wa Dar atang'oa mchaichai wangu aweke vitofali. Wewe nitakuja nikukute, nichume limao langu. Eti, mwanangu?"

"Na mtakwenda wapi?"

"Mlali. Kuna ardhi ya mama yangu kule, ya ukoo. Miaka yote namwambia twende, anasema mwanaume hawezi kukaa kwa wakwe." Alijifunga kitenge vizuri. Macho yalikuwa mekundu lakini mdomo ulikuwa unakaribia kucheka. "Sasa soko limemwambia aende."

Tukahamia. Mume wangu alifikiri kwamba safari hii mzee hatadai udalali, nami nilifikiri hivyohivyo, ingawa bahasha nilikuwa nayo mkobani. Siku ya kukabidhiana funguo alisimama sebuleni kwake, ambayo ilikuwa tupu na ndogo kuliko nilivyoikumbuka, akanipa ufunguo wa mlango wa mbele na wa nyuma. Kisha akanyoosha kiganja.

"Kazi ni kazi, mwalimu."

Nikampa. Aliihesabu, akaitia mfukoni, akanishika mkono ili aniambie kasoro ya nyumba. Nilimsubiri. Alitazama dari, akatazama sakafu, midomo ikacheza.

"Haina," alisema.

Kirikuu kilichokuja kubeba makochi kililipwa kwa pesa ileile. Nilimwona akimpa dereva, tena baada ya kubishana naye sana kuhusu umbali. Dereva alisema Mlali ni mbali. Mzee akasema ni dakika tano kutoka Mzumbe.

Watu walimsahau upesi, kama tunavyowasahau madalali. Siku hizi vyumba vinatafutwa kwenye simu. Unatumiwa picha za tailizi na choo, na mlima haumo kwa sababu kamera haiwezi kuutoa vizuri. Kodi haisubiri mtu aizungumzie. Yangu imeongezwa mara mbili tangu tuhamie, na mwenye nyumba hunitumia ujumbe mfupi wa maneno, bila sababu yoyote, hata ya uongo. Nilijikuta naikumbuka ile hadithi ya lami na wanafunzi. Angalau mtu alikuwa anajisumbua kukutungia.

Mama alikuja kweli kuchuma malimao, miezi ya mwanzo. Kisha akaacha, nikasikia goti linamsumbua. Basi mwaka huu, binti ya mwalimu mwenzangu alipoolewa Mlali, niliondoka kwenye sherehe kabla ya keki nikaulizia nyumba yao. Kila mtu aliijua. "Kwa bibi yule mwenye mume wa mjini," walisema.

Ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, bati jipya, vyumba vitatu na jiko la nje, mlima ukiwa karibu kiasi kwamba ilionekana migomba yake mmoja mmoja. Mzee alikuwa barazani. Amekonda, amekuwa mweusi kwa jua, lakini shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alinishika mikono yote miwili.

"Mwalimu! Kodi imefika ngapi?"

Nilimtajia. Alifumba macho kama anayesikiliza kaswida.

"Nilikuambia ile nyumba ina thamani."

Nilimpongeza kwa hii ya kwake. Akatazama nyuma kwanza kuona kama mkewe yuko karibu.

"Si yangu. Kwetu Waluguru ardhi ni ya upande wa mama, na hii ni ya lukolo lake, ukoo wake. Matofali nimefyatua mimi, lakini nyumba ni yake. Mimi hapa nimepanga." Alitabasamu. "Mkataba wa mdomo, na mdomo wenyewe ni wake."

Hatujakaa sana wakaja vijana wawili, mke na mume. Mke alikuwa muuguzi mpya wa zahanati, mimba yake inaonekana. Mume alishika kofia ya pikipiki. Walikuwa wamesikia kuna chumba kisicho na mtu. Mzee alisimama, na papo hapo miaka kumi ikamtoka mgongoni. Aliwatembeza. Niliwasikia wakizunguka nyumba: kimetulia, kimechangamka, maji yapo. Alisikika akifungua dirisha. Kimya. Kisha yule binti akasema kwa woga, "Na kodi je, babu?"

"Hilo si langu. Ngojeni nizungumze na mwenye nyumba."

Akatoka akapita mbele yangu kwa hadhi, akaingia jiko la nje, ambako mkewe alikuwa anachambua mchele. Jiko lile halina mlango. Sote tulisikia.

"Ni watumishi wa serikali," alinong'ona. "Zahanati imepanuliwa. Barabara inakuja. Hiki chumba tukiseme elfu sitini hawatoki jasho."

"Ishirini," mkewe alisema.

"Mama watoto, soko…"

"Ishirini. Na kama binti akijifungua kabla ya mshahara, watalipa ukitoka. Nenda kawaambie."

Ungo ukasikika ukipepetwa. Nilidhani amekasirika. Nilidhani atarudi na lafudhi ya mlimani mdomoni. Lakini aliporudi barazani alitembea polepole, kichwa chini, kama mtu aliyetoka kwenye kikao kigumu. Wale vijana, ambao walikuwa wamesikia kila neno, walisimama wima kumpokea. Aliwaweka mkono begani, mmoja kulia, mmoja kushoto, akawavuta karibu.

"Mwenye nyumba alikuwa amekaza sana," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini nimewapambania. Ishirini."

Yule kijana aliniangalia, nami nikaangalia migomba. Binti ndiye aliyeokoa hali. Alipiga goti, mimba na yote.

"Asante sana, babu. Bila wewe tusingepata."

Mzee wa Vyumba alifungua mdomo, nikajua kabisa anakotaka kwenda: udalali, mwezi mmoja, kazi ni kazi. Mkono ulikuwa umeanza kufunguka.

"Na mwambieni huyo dalali wenu," sauti ikatoka jikoni, "kuni zimeisha."

Akaukunja mkono, akachukua shoka lililoegemea ukuta, akawaomba wapangaji wampishe njia.